NANI AMESHIKA UFUNGUO WA KOMPYUTA YAKO?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Matinyani, Kitui Magharibi. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini gazeti letu hili halikutoka kwa wakati wake. Wengine wamesema maofisa wa tawi wamelala. Leo twataka kuwajibu bila kuficha, maana chama ni mali yenu, na makosa ya chama yafaa yajulikane na wenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Tawi letu lina kompyuta moja ya mkononi. Tuliinunua kwa michango yenu. Siku ile ilipowashwa mara ya kwanza, ilikataa kufanya kazi mpaka ipewe intaneti, na tena ipewe akaunti: anwani ya baruapepe, neno la siri, na namba ya simu. Sisi hatukuwa na bando, wala tawi halikuwa na baruapepe yake. Alikuwapo kijana mmoja aliyetusaidia. Akasema, "Wazee, msihangaike, nitaweka yangu." Akaweka yake. Mashine ikafunguka, tukamshukuru, tukamnunulia chai.

Kijana yule hakuwa mwizi. Alitusaidia kwa moyo mwema. Baadaye alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akapoteza laini yake ya simu. Kisha siku moja, baada ya mashine kutengenezwa, ikawaka na kutuuliza namba ndefu ya kufungulia. Namba hiyo ilikuwa imewekwa ndani ya akaunti ya yule kijana. Na ili kuingia katika akaunti, zilitakiwa tarakimu zinazotumwa kwa ile laini iliyopotea.

Basi ndugu zetu, tuliketi mbele ya mashine yetu wenyewe, tuliyoilipia, tunayo risiti yake, nasi hatukuweza kuifungua. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wanachama, hesabu za mfuko wa mazishi, na maandishi yote ya gazeti. Wiki hiyo hiyo akaja mjane wa mwanachama mwenzetu kuomba fedha za mazishi. Kilichotuokoa aibu ni kaunta buku ya mweka hazina wetu, ambaye hajaacha kuandika kila shilingi kwa kalamu, ingawa baadhi yetu tulikuwa tukimcheka. Mjane alipata haki yake. Lakini maandishi ya gazeti yalipotea, na orodha ya wanachama tunaiandika upya, jina kwa jina.

Kosa lilikuwa letu, nasi twalikiri. Lakini tulipoanza kuwasimulia watu, tuliona kwamba hatuko peke yetu. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze jambo hili tangu mwanzo.

MFUMO NI NINI, NA AKAUNTI IMEINGIAJE?

Kompyuta ni chuma na waya tu mpaka iwekewe mfumo wa kuiendesha. Mfumo ndio unaowasha kioo, unaosoma herufi unazopiga, unaotunza maandishi na kuyatoa. Mfumo unaotumika katika ofisi nyingi za Kenya ni Windows, unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Wale waliofanya kazi ya ukarani zamani wanakumbuka Windows 95, iliyotoka mwaka 1995. Uliinunua, ukaiweka kwenye mashine, ukaandika namba iliyokuja nayo, basi. Hakuna aliyekuuliza una baruapepe gani. Mashine ilikuwa kama cherehani: ukishainunua, unashona.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Windows 8 ya mwaka 2012 ilianza kuwashawishi watu waingie kwa akaunti ya kampuni. Windows 10 ya mwaka 2015 iliendelea hivyo, lakini asiyetaka aliweza kupita mlango wa pembeni na kujifungulia akaunti ya mashine yenyewe, isiyotoka nje ya mashine. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ile aina ya nyumbani ilidai intaneti na akaunti siku ya kwanza. Mwaka 2022 sharti hilo likafika pia kwenye aina ya kazi, ikiwa mwenyewe anaitumia kwa mambo yake binafsi. Mafundi walikuwa wakijua maneno fulani ya kuandika ili kulikwepa. Mwaka 2025, katika matoleo ya majaribio, kampuni ikaanza kuziba njia hizo, ikisema kwamba zinawafanya watu waruke hatua muhimu za kuitayarisha mashine.

Tena iko habari ya Windows 10. Matunzo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa hazina vyombo vya ndani vinavyotakiwa. Kampuni ilitangaza kuwaongezea watu binafsi mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ungeweza kulipa dola 30, au kuyapata bila kulipa fedha. Lakini kwa njia yoyote ile, ilikuwa lazima uingie kwa akaunti ya kampuni. Mlango ule ule.

WATU WANAONAJE?

Katika mazungumzo yetu na wanachama na watu wa saiba tumeona watu wa namna nne.

Wa kwanza ni wale wenye hasira. Hawa husema, "Nimenunua kitu kwa jasho langu, kwa nini niombe ruhusa ya kukitumia?" Si kwamba hawajui kompyuta. Wengi wao ndio wanaoijua zaidi.

Wa pili ni wale wenye hofu. Mwalimu mmoja alituambia hajui ni nani anayeona maandishi yake. Aliandika barua ya malalamiko dhidi ya mkubwa wake wa kazi, kisha akaona mashine inasema kwamba imeyatunza maandishi yake "mahali pengine". Mahali gani? Hakuambiwa kwa maneno anayoyaelewa. Tangu siku hiyo barua za namna hiyo anaziandika kwa mkono.

Wa tatu ni wale wasiojali. Husema, "Mimi sina siri." Kwao akaunti ni kama kubonyeza kengele mlangoni: unabonyeza, unaingia, unasahau. Wengine hawajui hata kama akaunti wanayo. Waliwekewa.

Wa nne ni wale wanaofurahi, na hao pia wana haki ya kusikilizwa. Karani mmoja aliibiwa kompyuta yake ndani ya matatu. Aliponunua nyingine akaingia kwa akaunti ile ile, maandishi yake yote yakarudi. Yeye huwezi kumwambia kwamba akaunti ni kitu kibaya.

Sisi twasema hivi: karani yule yuko sawa, na mwenye hasira naye yuko sawa. Faida ipo. Kutunza maandishi mbali na mashine ni jambo jema. Kufunga mashine ili mwizi asisome hesabu za watu ni jambo jema pia. Tangu toleo la mwaka 2024, kompyuta nyingi mpya za Windows 11 zikiwekwa akaunti hujifunga zenyewe kwa kufuli la tarakimu, na ufunguo wake wa tarakimu 48 huwekwa ndani ya akaunti. Kwa mtu mwenye akaunti yake mkononi, huo ni ulinzi. Kwa mtu ambaye akaunti yake imeshikwa na mwingine, kufuli lile lile humfungia yeye mwenyewe nje. Ubaya hauko katika akaunti. Ubaya uko katika kulazimishwa, na katika kutojua ni nani aliyeshika ufunguo.

Hapa Kitui twajua habari ya maji. Mtu akichimba kisima katika mchanga wa mto wakati wa kiangazi, hukizungushia miiba ili ng'ombe wasikiharibu. Hakuna anayelaumu miiba. Lakini ungemwonaje mtu anayekuja kukuambia, "Kisima umechimba wewe, ila ua nitaufungua mimi, kila asubuhi unipigie simu kwanza"? Na siku simu haishiki, watoto wanywe nini?

TUKUMBUKE KIPANDE

Wazee wanajua kwamba jambo la kuandikishwa kabla ya kufanya kazi si geni katika nchi hii. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, na habari za kazi yake na mshahara wake. Aliiweka katika kibati na kukivaa shingoni. Asipokuwa nacho, alitozwa faini au alifungwa.

Lakini uchungu wa kipande haukuwa kibati peke yake. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi kwamba mfanya kazi ameachishwa. Akikataa kutia sahihi, mfanya kazi hakuweza kupata kazi kwingine kwa halali. Kipande kilining'inia shingoni mwa mfanya kazi, lakini nguvu zake zilikuwa katika kalamu ya mwingine. Ndiyo maana Harry Thuku na wenzake walikipinga pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, na mwezi wa Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi walipokusanyika kudai Thuku afunguliwe.

Tusikosee hapa. Akaunti ya kompyuta si kipande. Hakuna anayefungwa jela kwa kuikosa, na kusema kwamba ni sawa ni kuwakosea heshima waliokufa. Lakini swali moja ni lile lile, na chama cha wafanya kazi hakina budi kuliuliza kila kinapokuja chombo kipya: karatasi ina jina langu, lakini kalamu imeshikwa na nani?

Swali hili laenda mbali kuliko Windows. Tangu mwaka 2014 serikali yetu ina eCitizen, na huduma nyingi zimehamia huko. Ni vyema, maana safari ya Nairobi kwa ajili ya cheti kimoja ilikuwa mzigo. Lakini ni wangapi kati yetu ambao akaunti zao zilifunguliwa saiba, neno la siri likaandikwa na kijana wa saiba katika daftari lake, na baruapepe ni ya kijana huyo huyo? Mkononi inueni. (Hapa mikono mingi iliinuliwa, na watu wakacheka.) Ndugu, hicho si kicheko. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Inasema habari za jamaa ya mtu na mambo yake binafsi zisitakiwe bila ya lazima, wala zisifunuliwe bila ya lazima. Angalieni neno hilo: zisitakiwe. Haikusema tu zisitangazwe. Hata kuziuliza pasipo haja ni kosa.

Kisha mwaka 2019 Bunge lilitunga Sheria ya Kulinda Data, ikaunda na ofisi ya kamishna wa kuisimamia. Kwa sheria hiyo unayo haki ya kuelezwa habari zako zinatumiwaje, haki ya kuziona, na haki ya kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Anayekusanya habari asikusanye zaidi ya zile zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa.

Na msidhani kwamba mtu mdogo hasikilizwi. Mwaka 2019 serikali iliandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba. Raia walikwenda kortini. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi zile ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu hatari kwa habari za watu haikupimwa kwanza kama Sheria ya Kulinda Data inavyotaka. Kama serikali iliambiwa ngoja, sioni haya kampuni kuulizwa swali, wala ninyi msione haya.

TUFANYE NINI?

Hatukuja hapa kulia tu. Haya ndiyo tunayopendekeza.

Kwanza: akaunti ifunguliwe na mwenyewe, kwa laini yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa hujui kupiga herufi, keti karibu na anayekusaidia, lakini neno la siri uliandike wewe. Akaunti ya tawi iwe ya tawi, kwa laini ya tawi, na ikabidhiwe kwa maandishi ofisa anapobadilika, kama tunavyokabidhiana muhuri.

Pili: ufunguo wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi leo, si siku ya msiba. Utapatikana ndani ya akaunti. Ukishauandika, usome mara mbili, kisha uweke mahali unapoweka hati ya shamba.

Tatu: asiyetaka kubaki na akaunti ya kampuni, anaweza baada ya siku ya kwanza kuingia katika mipangilio ya Windows, sehemu ya akaunti, akachagua kutumia akaunti ya mashine yenyewe. Lakini aandike ufunguo kwanza.

Nne: kwa mashine kuukuu zisizopokea Windows 11, msizitupe, wala msikubali kuambiwa hapana njia. Ipo mifumo isiyouzwa na isiyodai akaunti ya mtu. Mmojawapo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake maana yake ni utu. Huandika barua, hupiga hesabu, hufungua intaneti. Una tabia zake za kujifunza, na programu nyingine za ofisini hazikai humo, kwa hiyo mtu aujaribu kabla ya kufuta alichonacho. Mashine mpya ya tawi tumeiwekea huo.

Tano: chama kidai. Mwajiri akimtaka mfanya kazi atumie kompyuta au simu kwa kazi yake, basi akaunti ya kazi, laini na bando vitolewe na mwajiri. Mfanya kazi asilazimishwe kutumia baruapepe yake ya nyumbani kufungulia mashine ya ofisi, kisha siku ya kuachishwa kazi aitwe mwizi kwa sababu mashine haifunguki. Jambo hili twataka liingie katika mapatano yetu yajayo. Na kwa wauzaji na watengenezaji twadai neno moja tu: siku ya kwanza, kwenye kioo cha kwanza, mtu aulizwe kwa lugha anayoielewa kama anataka akaunti au hataki, na majibu yote mawili yafungue mashine.

Sita: kaunta buku isiachwe. Mweka hazina, twakuomba radhi kwa kicheko chetu.

MASWALI

Baada ya hotuba maswali yaliulizwa. Tunaandika mawili.

Mama mmoja anayeuza ndengu sokoni aliuliza: "Mimi sina kompyuta, nina simu. Haya yanihusu nini?"

Jibu: Mama, yakuhusu sana. Simu nyingi hapa hutumia mfumo wa Android wa kampuni ya Google. Siku ya kuiwasha waweza kuruka akaunti, lakini duka lake la programu halifunguki bila akaunti. Na simu iliyowekwa akaunti, ikifutwa yote kwa kulazimishwa, huuliza akaunti ile ya kwanza. Hilo huwasumbua wezi, nalo ni jema. Lakini ukinunua simu iliyotumika, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako kabla hujatoa fedha. Usipofanya hivyo, siku moja utabaki umeshika kioo tu.

Mzee mmoja, fundi wa useremala, aliuliza: "Kampuni iko Marekani. Sisi watu wa Matinyani tutaifanya nini?"

Jibu: Mzee wetu, peke yetu hatutaifanya kitu. Lakini wanaolalamika si Matinyani tu. Katika nchi za Ulaya watu na vyama vya wanunuzi walipiga kelele juu ya ule mwaka wa nyongeza wa Windows 10, na mwaka 2025 kampuni ikawalegezea masharti kidogo, ingawa akaunti ilibaki. Waliolegezewa ni wale waliosema. Sisi tunaanza na lililo karibu: mwajiri wetu, saiba yetu, tawi letu. Hivyo ndivyo mwethya unavyofanya kazi. Hakuna mtu mmoja anayejenga bwawa la mchanga. Kila mtu huja na jiwe lake.

Ndugu wanachama, orodha mpya inaandikwa mezani kwa mweka hazina. Kabla ya kuondoka, kila mmoja apite ahakikishe jina lake na namba ya michango yake. Na wale watano waliojitolea kuwafundisha wenzao kufungua akaunti zao wenyewe watakuwa hapa mkutano ujao, saa moja kabla ya mkutano kuanza. Njooni na simu zenu, na kalamu.

Umoja ni nguvu.